Kuanzisha Timu ya Hoki ya Barafuni Kwenye Ligi Ndogo za Marekani: Anza na Ukumbi, Wachezaji Baadaye

Kila mwaka ikifika Mei, ligi nyingi ndogo zikiwa zimemaliza msimu, simu yangu hujaa maswali yaleyale. Mtu ameona ukumbi wa mjini kwake ulivyofurika Ijumaa usiku, au amesikia kuna tajiri anatafuta wenye hisa, basi ananiandikia: "Kaka, chama chetu kina dola laki mbili, zinatosha?" Mwingine anauliza wachezaji atawatoa wapi. Wa tatu anataka kujua kwa nini tusianzishe ligi yetu wenyewe. Maswali haya yana mzizi. Wakongo na Warundi wengi waliofika Marekani wamekaa kwenye miji ya wastani isiyo na timu kubwa ya mchezo wowote, na miji ya namna hiyo ndiyo nyumbani kwa hoki ya ligi ndogo.

Nimefanya kazi misimu sita ndani ya ofisi za timu hizi. Nilianza kwa kuuza tiketi kwa simu, nikaishia kusimamia siku za mechi. Timu moja niliyoifanyia kazi ilizimika Februari, mechi zikiwa bado zimo kwenye ratiba, na wachezaji wakaambiwa wahame nyumba ndani ya siku tatu. Ndiyo maana mwongozo huu umepangwa hivi: ukumbi kwanza, kisha pesa, kisha ligi, na wachezaji karibu na mwisho. Karibu kila anayeniuliza anaanza na wachezaji.

Tuelewane kwanza kuhusu ngazi. Juu kabisa kuna NHL yenye timu 32. Chini yake ni AHL, iliyoanza 1936, nayo ina timu 32, kila moja ikimlelea wachezaji mkubwa wake wa NHL. Inafuata ECHL, iliyoanza 1988 kwa timu tano tu na sasa ina timu zipatazo thelathini. Kisha kuna ligi zinazojitegemea: SPHL ya kusini, iliyoanza 2004, na FPHL, iliyoanza 2010. Hizi mbili hucheza takriban mechi 56 kwa msimu, nusu yake nyumbani, na ndizo mlango halisi wa mgeni. Mifano yangu mingi hapa chini ni ya ngazi hiyo.

Walioko Nairobi nao huniuliza. Timu ya Ice Lions imejifunzia kwenye kiwanja cha hoteli ya Panari, kilichofunguliwa 2005 na ambacho ni kidogo kuliko kiwanja kamili, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kwenye shirikisho la kimataifa, IIHF. Najivunia jambo hilo sana. Lakini ile ni hoki ya ridhaa, ina mahitaji yake, na hapa nazungumzia timu inayolipa mishahara.

KABLA HUJAANZA, UWE NA HIVI

- Ukumbi ulio tayari kukupa tarehe za wikendi kwa maandishi.
- Pesa ya kuendesha msimu mzima hata kama mlango utaingiza nusu ya ulichotarajia.
- Wakili wa mikataba na wakili wa uhamiaji. Mara chache huwa mtu mmoja.
- Dalali wa bima aliyewahi kuhudumia timu ya hoki. Wa bima ya magari hatakufaa.
- Mtu mmoja anayejua kuuza tiketi na ambaye kazi yake ni hiyo tu.
- Miezi 12 hadi 18 kabla ya mechi ya kwanza. Aliyekuambia inawezekana ndani ya miezi minne anataka ada yako.

HATUA YA 1: KAGUA UKUMBI KAMA ANAYENUNUA NYUMBA YENYE NYUFA

Kiwanja kamili cha Amerika Kaskazini ni mita 61 kwa 26. Chini ya barafu kuna sakafu ya zege yenye mabomba yanayopitisha maji ya chumvi au glaikoli iliyopozwa. Barafu hujengwa kwa matabaka membamba ya maji: tabaka za chini, rangi nyeupe, mistari na nembo, kisha tabaka za juu mpaka unene ufike sentimita 2.5 hadi 3. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na huwezi kuiharakisha kwa kelele.

Nenda ukiwa na fundi wa majokofu. Uliza umri wa kompresa, mara ya mwisho mabomba yalipopimwa, na kama kuna mashine ya kukausha hewa. Uliza pia chumba cha mitambo kinatumia nini kupoza. Kama ni amonia, taka kuona vipima-gesi na vyeti vya ukaguzi. Oktoba 2017, mjini Fernie, British Columbia, amonia ilivuja kwenye ukumbi wa barafu ikaua watu watatu waliokuwa kazini. Mashine ya kulainisha barafu, ile watu wanayoiita Zamboni kwa jina la aliyeibuni, nayo ikitumia gesi inahitaji ukumbi wenye hewa inayotoka, la sivyo moshi wake utawalaza wachezaji na watoto wa shule waliokuja asubuhi.

Kisha zunguka pembeni. Mbao zinazozunguka kiwanja ziwe imara, vioo visiwe na ufa, na wavu uwepo nyuma ya magoli yote mawili. Mwaka 2002 msichana wa miaka 13 alifariki baada ya kupigwa na kisahani cha hoki kilichoruka jukwaani kwenye mechi ya NHL mjini Columbus, Ohio, na nyavu zikawa lazima katika ligi ile. Kisahani hicho, ambacho ndicho kinachochezewa, ni kipande cha raba ngumu cha gramu 156 hadi 170, na hugandishwa kabla ya mechi ili kisidunde. Ukumbi usio na wavu, usiingize mtu.

Tahadhari: kuna kumbi nzuri zenye barafu nzuri lakini viti 800. Kwa timu ya mtaa zinatosha. Kwa timu ya kulipwa, hata zikijaa kila usiku hesabu haitafunga.

HATUA YA 2: PATA TAREHE, KISHA MKATABA

Hapa ndipo timu nyingi hufa bila kujua zimeshakufa. Msimu unaanza Oktoba na kuisha mwanzoni mwa Aprili, yaani wikendi kama 25. Wewe unahitaji mechi 28 za nyumbani, na kila moja iwe Ijumaa, Jumamosi, au kwa shida Jumapili mchana. Mechi ya Jumanne katika mji mdogo ni mzigo: waamuzi unawalipa vilevile, umeme vilevile, na mlangoni wanaingia wachache. Ila ukumbi huohuo una matamasha, sarakasi, maonyesho ya mifugo, mahafali, na pengine timu ya kikapu ya chuo iliyokuwepo kabla yako. Wote wanataka Jumamosi.

Omba tarehe 40 ili ligi iweze kuchagua 28. Zipate kwa maandishi kabla hujalipa hata senti kwa ligi. Ukumbi ukisema "tutapanga baadaye", jua umeshapangiwa Jumanne.

Ukifika kwenye mkataba wa kukodi, macho yote huenda kwenye bei ya usiku mmoja. Mimi naangalia mambo mengine kwanza:

a) Nani anachukua pesa ya bia, chakula na maegesho? Mara nyingi ni mwenye ukumbi. Kama hupati hata asilimia ndogo, umebaki na tiketi na wadhamini tu.

b) Matangazo kwenye mbao na ndani ya barafu ni ya nani? Kuna kumbi zilizokwisha kuuza haki hizo kwa kampuni ya soda kwa miaka kumi. Ukigundua hilo Septemba umechelewa.

c) Mauzo ya tiketi yanapitia mfumo wa nani, na pesa inakufikia lini? Ukumbi ukikaa na pesa ya mechi siku 30, wewe ndiye unayeukopesha.

d) Wachezaji watafanya mazoezi wapi siku ambazo barafu imefunikwa kwa sababu ya tamasha?

e) Mitambo ikiharibika, nani anatengeneza na nani anafidia mechi iliyofutwa?

Jambo la mwisho si la nadharia. Oktoba 1972 timu ya Philadelphia Blazers ya ligi mpya ya WHA ilikuwa icheze mechi yake ya kwanza nyumbani. Barafu ikapasuka chini ya mashine ya kulainishia, mechi ikaahirishwa, na mashabiki waliokuwa wamepewa visahani vya kumbukumbu mlangoni wakavirusha vyote uwanjani. Tangu niliposikia kisa hicho sijawahi kukubali zawadi ngumu zigawiwe watu wakati wa kuingia. Toa wakati wa kutoka.

Mfano mwingine ni Elmira, New York. Jackals walicheza pale tangu 2000 hadi 2017. Enforcers wakaja 2018, Mammoth 2022, River Sharks 2023. Majina matatu mapya ndani ya misimu sita, ukumbi uleule. Ukiambiwa timu ya mji fulani "ilishindwa kwa sababu ya mwenye timu mbaya", uliza pia mkataba wa ukumbi ulisemaje, na kama umebadilika tangu siku hiyo.

HATUA YA 3: PIGA HESABU YA FEBRUARI

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na sijaona biashara ambayo neno hilo linaiva kama hii. Pesa ya timu ndogo ina mwendo wake. Kuanzia Mei hadi Oktoba inaingia kwa kishindo: tiketi za msimu, wadhamini, fulana. Akaunti inanona na kila mtu ana furaha. Novemba na Desemba unakula akiba hiyo. Januari umebaki na kinachoingia mlangoni usiku huo. Februari kuna dhoruba ya theluji, mechi mbili zinakosa watu, na bima inataka malipo ya robo mwaka. Pesa ya tiketi za msimu uliyoipokea Julai ilikuwa ya Februari, nawe uliitumia Septemba kununulia basi lenye nembo.

Fanya hivi:

1. Chora jedwali la wiki kwa wiki kuanzia Mei mpaka mwisho wa Aprili. La mwezi halitoshi, maana mishahara ya wachezaji hulipwa kila wiki.

2. Upande wa kuingia, andika mlango kwa nusu ya unayotarajia. Tuseme unatarajia watu 2,500 wanaolipa wastani wa dola 14. Hiyo ni dola 35,000 kwa mechi, 980,000 kwa mechi 28. Sasa andika 490,000 na uone kama timu bado iko hai mwezi Machi.

3. Hesabu waliolipa tu. Tiketi ya bure haina bei.

4. Upande wa kutoka, usisahau vitu vinavyosahaulika kila mara: nyumba za wachezaji na fanicha zake, magongo (yanavunjika kila siku na ni ghali), kunoa viatu, kufua nguo, hoteli za safari, chakula cha njiani, waamuzi, gari la wagonjwa, daktari, walinzi, wapiga saa na waandika magoli.

5. Tenga kiasi cha wiki nane za matumizi kwenye akaunti isiyoguswa. Mtu mmoja asiwe na uwezo wa kuitoa peke yake.

Kwa wenye vyama: dola laki mbili zinaweza kununua hisa katika timu, haziendeshi timu. Na kuuza hisa kwa watu arobaini wa kanisani au msikitini ni jambo la sheria za dhamana za serikali kuu na za jimbo, hata kama mnafahamiana tangu kambini Kigoma. Wakili kwanza, mchango baadaye. Nimeona mama mmoja akitoa akiba yake yote kwa sababu aliyemwomba alikuwa shemeji yake. Jambo lile bado linaniuma.

HATUA YA 4: CHAGUA LIGI, NA USIANZISHE YAKO

Ukiwa na tarehe na hesabu mkononi, ndipo uende ligi. Utaombwa ada ya kujiunga, na kwa kawaida dhamana ya benki ambayo ligi itaitumia kulipa wachezaji ukishindwa. Dhamana hiyo isikuudhi. Ligi isiyodai dhamana haidai kwa yeyote, maana yake mpinzani wako anaweza kutoweka Januari na mechi zako sita za nyumbani zikatoweka naye.

Uliza ligi maswali haya: Timu ngapi zimefungwa katika misimu mitano iliyopita? Ni ngapi kati yake ziliishia katikati ya msimu? Timu ya jirani iko kilomita ngapi? Safari ya basi inayochukua saa nne, unarudi usiku uleule. Inayochukua saa kumi, unalipia vyumba kumi na viwili vya hoteli.

Sasa kwa wale wa "tuanzishe yetu". Ligi ndogo ya ACHL ilianza 2002 ikadumu msimu mmoja. Ikagawanyika, zikatokea ligi mbili, nazo zikadumu msimu mmoja. Mabaki ya hizo mbili yalipoungana mwaka 2004 ndipo ikazaliwa SPHL, ambayo ipo hadi leo. Hata WHA, iliyokuwa na matajiri na ikamchukua Bobby Hull kutoka NHL mwaka 1972, iliisha 1979 na timu nne tu zikapokelewa NHL. Ligi mpya inalazimika kubeba udhaifu wa kila timu iliyomo, na wewe tayari una wako.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaijui, ya viza. Tangu sheria iliyopitishwa mwishoni mwa 2006, wachezaji wa ligi ndogo wanaweza kuombewa viza ya P-1, ile ya wanamichezo. Lakini sheria inamtambua mchezaji wa kulipwa kuwa ni wa timu iliyomo kwenye chama chenye timu sita au zaidi ambazo mapato yake kwa jumla yanapita dola milioni 10 kwa mwaka, au timu ndogo iliyofungamana na chama cha namna hiyo. Ligi yako ya timu nne haifiki hapo. Na hoki bila Wakanada ni ngumu kuijaza. Mpelekee wakili wa uhamiaji jambo hili kabla hujamwahidi kijana yeyote wa Ontario au Prague.

HATUA YA 5: KAMPUNI NA BIMA

Sajili kampuni, fungua akaunti yake, usichanganye na yako. Hapo sina la kuongeza.

Bima ndiyo habari. Wachezaji wako ni waajiriwa, na majimbo mengi yanakutaka uwe na bima ya fidia kwa wafanyakazi. Fikiria unamwambia mwenye bima kwamba una waajiriwa ishirini ambao kazi yao ni kugongana kwa kasi wakiwa na visu miguuni. Bei atakayotaja itakushtua, na inatofautiana sana jimbo hadi jimbo. Ipate kwa maandishi kabla ya kutangaza timu. Nimeona mradi mzuri ukisimama Agosti kwa sababu bima ilikadiriwa kwa kubahatisha.

Hapohapo andika kanuni za usalama. Oktoba 2023 Adam Johnson alifariki Sheffield, Uingereza, baada ya kukatwa shingoni na kiatu cha kuteleza. Kinga ya shingo iwe lazima kwenye timu yako, mazoezini na kwenye mechi, iwe ligi inadai au haidai.

HATUA YA 6: UZA TIKETI MAPEMA KULIKO UNAVYODHANI

Jina la timu watu hulishughulikia miezi. Fanya shindano la mtaani wiki tatu, wakili akague kama halijasajiliwa na mwingine, chagua rangi mbili zinazosomeka kwa mbali, endelea na kazi.

Kazi yenyewe ni hii: kabla ya kumwajiri kocha, ajiri muuza tiketi. Weka meza sokoni Jumamosi, kwenye michezo ya watoto, kwenye misikiti na makanisa. Pokea amana ndogo kwa kila kiti cha msimu. Amana hizo ndizo kipimo. Watu watakusifu bure; kadi ya benki haisifu bure. Kama mji wa watu laki moja haukupi amana mia tano kufikia Machi, rudi Hatua ya 3 ukiwa umekaa.

Kinachojaza viti katika miji hii ni vikundi: shule, kiwanda, kikosi cha zimamoto, kwaya. Tafuta jambo kwa kila usiku. Usiku wa kurusha wanasesere ulianzia Kamloops, Kanada, mwaka 1993: timu ya nyumbani ikifunga goli la kwanza, watazamaji wanarusha wanasesere uwanjani, nao wanapelekwa kwa watoto. Januari 2025 Hershey Bears wa Pennsylvania walikusanya 102,343 kwa usiku mmoja. Timu yako ikipata elfu mbili, wazazi wa mji mzima watakujua. Ukitaka bahati nasibu ya nusu kwa nusu (mshindi anachukua nusu ya makusanyo) wakati wa mapumziko, angalia sheria ya michezo ya kubahatisha ya jimbo lako na upate kibali.

Na wahamiaji wenzetu msiwasahau. Niliwahi kutenga viti mia mbili kwa familia za Kikongo na Kirundi, tukaweka mtangazaji anayeeleza mchezo kwa Kiswahili kwenye redio ndogo za masikioni. Walichouliza zaidi ni kwa nini waamuzi wanaacha watu wapigane. Wengi walirudi msimu uliofuata, safari hiyo wakilipa.

Kosa la kawaida: kugawa tiketi maelfu ya usiku wa kwanza ili ukumbi uonekane umejaa. Aliyepata bure Oktoba halipi Desemba, na aliyelipa akijua jirani yake hakulipa anajiona mjinga. Ukitaka kugawa, gawa kwa darasa la watoto, na mzazi alipe chake.

HATUA YA 7: KOCHA NA WACHEZAJI

Hii ndiyo sehemu iliyo rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Kila mwaka mamia ya vijana humaliza hoki ya vyuo vya Marekani na ya vijana Kanada wakiwa hawajapata timu. Kocha mwenye simu nzuri atajaza kikosi ndani ya majira ya joto. Kwa hiyo chagua kocha kwa watu anaowafahamu na kwa tabia yake, maana katika ngazi hii yeye pia ndiye msajili, mpanga safari, na mara nyingine mlezi.

Kambi za majaribio zinaruhusiwa kutoza ada, lakini usizigeuze mradi wa kuchota pesa za vijana. Kama nafasi ni mbili, sema ni mbili.

Nyumba ziwe tayari kabla hawajafika: vitanda, joto, intaneti, umbali mfupi na ukumbi. Kijana anayelipwa kidogo akilala pazuri atacheza. Akilala sakafuni, ligi nzima itajua kufikia Ijumaa, na kocha wako hatapata mtu mwingine kwa simu.

HATUA YA 8: WIKI YA MECHI YA KWANZA

- Siku kumi kabla: barafu ianze kujengwa.
- Siku tano kabla: mazoezi kamili, mashine ya kulainisha ipite mara kadhaa, taa zote ziwake, milango ifunguliwe kama siku ya mechi.
- Siku tatu kabla: jaribu saa, king'ora cha goli, vipaza sauti, milango ya benchi.
- Siku moja kabla: kaa na daktari, gari la wagonjwa na walinzi, mpitie machela itatokea wapi.
- Siku yenyewe: fungua milango saa moja na nusu kabla, na wewe mwenye timu usimame mlangoni kusalimia. Usiende kwenye chumba cha wageni maalumu.

MAMBO YAKIKWAMA

Barafu ni laini na kuna ukungu juu yake. Hewa ina unyevu. Angalia mashine ya kukausha hewa, kisha milango mikubwa ya nyuma ambayo mtu wa vyakula ameiacha wazi. Oktoba kusini mwa Marekani tatizo hili hutokea karibu kila mwaka. Usikubali mechi ianze kwa aibu ya kuahirisha.

Kipa wako ameumia na wa pili ana homa. Uwe na jina la kipa wa dharura mjini, na fomu zake zimeshasainiwa. Februari 2020 David Ayres, mwenye miaka 42, aliyekuwa kipa wa mazoezini wa timu ndogo ya Toronto, aliingizwa golini kwa Carolina Hurricanes katika mechi ya NHL na wakashinda. Kama NHL yenyewe inahitaji mtu wa namna hiyo, wewe utamhitaji mara mbili.

Mwenye ukumbi anataka kuhamisha Jumamosi yako kwa sababu msanii mkubwa amepatikana. Rudi kwenye mkataba. Ukiwa uliandika fidia, taja kiasi na umpe tarehe mbadala za wikendi. Kama hukuandika, omba asilimia ya bia kwa mechi tano na ukubali. Ugomvi wa gazetini na mwenye ukumbi hutashinda.

Ligi inayumba, timu mbili zimeshafungwa. Linda mji wako kwanza. Fort Wayne, Indiana, wana Komets tangu 1952. Mwaka 1990 timu ilipohamishiwa Albany, familia ya Franke ilinunua timu ya Flint na kuileta mjini kwa jina lilelile la Komets. Tangu hapo wamepita IHL, UHL na CHL, ligi ambazo zote zimekufa, na sasa wako ECHL. Tarehe za ukumbi na orodha ya wenye tiketi za msimu ni vyako. Ligi nyingine itavitaka.

Basi limekwama kwenye theluji. Piga simu ligi saa hiyohiyo, usisubiri saa mbili kabla ya mechi. Tangazo la kuahirisha liende kwa wenye tiketi kwa ujumbe wa simu kabla ya saa nane mchana, na tiketi yao itumike tarehe mpya bila maswali.

Mishahara ya Ijumaa haitoshi. Usiandike hundi ukitumaini mlango wa Jumamosi. Mjulishe kamishna wa ligi Jumatano, mweleze hali kama ilivyo. Dhamana ya benki iliwekwa kwa ajili ya siku kama hii. Kisha ingia chumba cha wachezaji wewe mwenyewe, waambie kabla hawajasoma kwenye simu. Ikibidi kufunga, kodi ya nyumba zao ilipwe hadi mwisho wa mwezi na kila mmoja apewe nauli ya kurudi kwao. Orodha ya nani anarudi wapi, na nauli yake ni kiasi gani, iwe kwenye droo yako tangu Oktoba.